Erni Si Jambo la Haya



Siku moja kisha ibada, ndugu mumoja anayebeba magunia ya mawe ya shaba hapa kwetu Kolwezi alinivuta pembeni. Akasema: «Pasta, niko na kitu mu kinena. Kikitoka, ninakirudisha na mukono. Inapita miaka 2 sasa.» Nikamuuliza: «Mama anajua?» Akajibu: «Hapana, Pasta. Haya inanishika. Na tena, nikilala ku lopitali, watoto watakula nini?»

Si yeye peke yake. Njo maana ninaandika.

Erni ni nini?

Mbele ya tumbo kuko ukuta wa misuli unaoshika matumbo ndani. Ukuta ukikuwa zaifu, tundu linafunguka. Mafuta ao kipande cha utumbo kinapita pale na kusukuma ngozi. Njo ule uvimbe. Unaonekana mutu akisimama, akikohoa ao akiinua kitu kizito. Akilala, unarudia ndani. Kwa wanaume unatokea zaidi mu kinena, na unaweza kushuka mupaka mu mapumbu. Wamama wanaupata vilevile: mu kinena, mu kitovu, ao pa kovu la kupasuliwa wakati wa kuzaa.

Wengine wanazaliwa na ile njia wazi. Mizigo, kikohozi cha siku nyingi, choo kigumu na kujikaza kwa kukojoa vinaongeza magumu. Si uchawi, si azabu ya uzinzi, na haiambukizi.

Dawa yake ni gani?

Nguo ikipasuka, hatuinyweshi dawa, tunaishona. Erni ni vile vile. Mukanda unazuiza uvimbe tu, hauponyeshi. Kuchanja na wembe ni hatari sana, maana utumbo unaweza kuwa pale pale chini ya ngozi. Muganga anarudisha utumbo ndani na kushona ukuta, ao anatia wavu kidogo wa kuukaza. Mara nyingi sindano ya kufisha pale tu inatosha, na mugonjwa anaweza kurudia nyumbani siku ile ile.

Je, wote wapasuliwe?

Kitovu cha mutoto mara nyingi kinajifunga chenyewe mbele ya miaka 5. Lakini erni ya kinena ya mutoto haijifungi: mumupeleke mapema. Mama mwenye uvimbe mu kinena asikawie vilevile. Mwanaume ambaye erni yake ni ndogo na haimuumi anaweza kupatana na muganga kungoja, huku akiangaliwa. Lakini kama kazi yake ni mizigo, na lopitali iko mbali, afikiri vizuri. Wengi wanaongoja wanapasuliwa tu nyuma. Ni heri wewe uchague siku, kuliko ugonjwa ukuchagulie.

Hatari ni wakati gani?

Uvimbe ukikataa kurudi, ukikuwa mugumu na kuuma, mutu akitapika, tumbo likijaa, choo na upepo vikikosa kupita: utumbo umenyongwa. Damu haifike tena, na kwa saa chache unaweza kuoza. Hata usiku, hata mvua, mumupeleke! Asile, asinywe, musisukume uvimbe kwa nguvu, musimupe dawa ya kuharisha.

Ndugu yetu alizungumza na muke wake jioni ile. Waliuliza bei mbele, wakaweka feza kidogo kidogo. Alipopasuliwa, wamama wa kanisa walileta unga, naye akakaa wiki 6 bila kugusa gunia. Leo anafanya kazi.

Paulo mutume alisafiri pamoja na Luka, aliyekuwa muganga, na hakuona haya. Kuomba na kutafuta muganga havishindani. Baba, mama, wewe unayeficha: sema leo na mutu wa nyumba yako.