Neno "Mwili" katika Nyaraka za Paulo

Kiyunani cha Agano Jipya kina maneno mawili, "sarx" na "soma", ambayo Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 huyaeleza mara nyingi kwa neno moja tu, mwili. Msomaji akutaye kwa Wagalatia kwamba mwili hushindana na Roho, kisha kwa Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho huyo huyo, hana budi kushangaa. Katika Kiyunani hapana mgongano: pale ni "sarx", hapa ni "soma". Tena matendo ya "sarx" ayatajayo Paulo si uasherati na ulevi peke yake. Uadui, wivu na fitina zimo, wala hizo si dhambi za viungo. "Sarx" hapo ni mtu mzima, pamoja na akili na moyo wake, ajitegemeapo pasipo Mungu. Mahali pengine wafasiri walitumia nyama, waliponena habari za nyama na damu. Lakini "matendo ya nyama" yangalichekesha. Tabia nayo haitoshi, kwa kuwa Yohana, aelezapo jinsi Neno alivyofanyika mwili, hutumia "sarx" hiyo hiyo, wala hataji dhambi.