Pampu mpya ya usukani huuawa na uchafu wa ile ya zamani

KATIKA kata ya Shanwe, Manispaa ya Mpanda, mwenye gari anayesikia mlio wa kuguna kila anapokata kona hujua kwamba gharama inakaribia. Gari likifika gereji, jibu la haraka huwa moja: pampu ya pawa steringi imekufa. Iwapo maduka ya vipuri ya mjini hayana pampu ya aina hiyo, huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000, na mwenye gari hubaki akisubiri mzigo wa basi huku gari likiwa juu ya mawe.

Pampu inafika, inafungwa, usukani unakuwa mwepesi. Baada ya muda usio mrefu mguno unarudi vilevile, na lawama zinaelekezwa kwa muuza vipuri kwamba ameuza mtumba uliochoka. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi muuaji hakutoka dukani. Alikuwamo ndani ya gari muda wote, kwenye mafuta machafu na mipira iliyozeeka.

Kazi ya pampu hiyo si ngumu kueleweka. Inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini, na ndani yake mna vibapa vyembamba vya chuma vinavyosukuma mafuta kwa nguvu kubwa hadi kwenye reki au boksi ya usukani. Dereva anapogeuza steringi, vali hufunguka na mafuta hayo husaidia kusukuma magurudumu upande anaoutaka. Teknolojia hii haikuanza jana; mhandisi wa Kimarekani, Francis Davis, aliishughulikia tangu miaka ya 1920, na kampuni ya Chrysler ndiyo iliyoanza kuiuza kwenye gari dogo la kawaida mwaka 1951.

Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba vibapa hivyo havina kilainishi kingine zaidi ya mafuta yaleyale vinavyoyasukuma. Mafuta yakipungua, pampu hunyonya hewa na kuanza kuguna. Yakiingia mchanga, vibapa husagika, na vumbi la chuma linalotokana na kusagika huko husambaa kwenye mipira, kwenye tenki dogo la mafuta na ndani ya reki. Fundi akitoa pampu na kuacha hayo mengine, pampu mpya huanza kazi yake kwa kunywa masalia ya mwenzake.

Mazingira ya Katavi hayasaidii. Ingawa lami imefika Mpanda kutoka Tabora na Sumbawanga, magari yanayobeba mpunga, mahindi na tumbaku hulazimika kupita njia za changarawe za vijijini. Kiangazi vumbi hujaa ndani ya boneti, na mtu akifungua mfuniko wa tenki la mafuta ya usukani bila kuufuta kwanza, vumbi hilo humwagikia ndani. Masika tope hushika na kukaukia kwenye mkanda, nao huteleza na kupiga kelele.

Kelele hizo hazifanani, na hapo ndipo pesa nyingi zinapookolewa. Mlio mkali wa kuchanika unaosikika gari linapowashwa au steringi inapokatwa hadi mwisho aghalabu ni wa mkanda uliolegea au kuisha. Mguno mzito unaoongezeka kadiri steringi inavyogeuzwa huashiria upungufu wa mafuta au hewa ndani yake, na povu kwenye tenki huthibitisha hilo. Usukani mzito usio na kelele yoyote unaweza kutokana na matairi yenye upepo mdogo tu. Pampu inastahili kushukiwa baada ya mambo hayo kukaguliwa, si kabla.

Mafuta yenyewe husema mengi. Yale ya ATF, yanayotumika kwenye magari mengi ya Toyota yenye mfumo huu, huwa mekundu na angavu yakiwa mapya. Yakigeuka kahawia au meusi yenye harufu ya kuungua, wakati wa kuyabadilisha umepita. Yakimeremeta kama yametiwa unga wa fedha, chuma kinasagika ndani na pampu haina maisha marefu. Si kila gari linatumia ATF: Honda wana mafuta yao, na baadhi ya magari ya Ulaya hutumia ya kijani, hivyo maandishi ya kwenye mfuniko yasomwe. Kosa baya kuliko yote ni kujazia mafuta ya breki pale yaliyotakiwa yanapokosekana, kwa sababu huvimbisha na kuharibu sili zote za mpira.

Uvujaji nao haufai kuzoeleka. Dereva anayejaza mafuta kila Jumatatu hajatengeneza gari, na mafuta hayo yakidondokea bomba la moshi lenye moto mkali yanaweza kuwaka. Mpira uliopasuka ni nafuu kuliko pampu, na ndio unaopaswa kubadilishwa kwanza.

Ikithibitika kwamba pampu kweli imekwisha, kazi ianze kwa kumwaga mafuta yote ya zamani, kusafisha tenki pamoja na chujio lake, na kupitisha mafuta mapya kwenye mfumo hadi yanayotoka kwenye mpira wa kurudishia yawe safi. Puli isigongwe kwa nyundo, kwani kipigo hicho huumiza shafti na beringi kabla pampu haijafanya kazi hata siku moja. Kifaa cha kuvutia puli kipo. Washa za shaba kwenye mpira wa presha ziwe mpya.

Kisha hewa itolewe. Magurudumu ya mbele yainuliwe na gari liegemezwe imara, steringi igeuzwe taratibu kulia na kushoto mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, huku mafuta yakiongezwa. Ndipo injini iwashwe na zoezi lirudiwe hadi povu liishe. Fundi anayewasha injini mara tu baada ya kufunga boliti ya mwisho anaikausha pampu aliyoifunga muda huohuo.

Kwa dereva, tabia moja huongeza maisha ya kifaa hiki kuliko nyingine: kutoshikilia steringi ikiwa imekatwa hadi mwisho. Hapo presha hupanda kupita kiasi na mafuta huchemka, hivyo sekunde chache zinatosha.

Pampu ikifa njiani, usukani haukatiki. Unakuwa mzito mno. Kwenye Fuso iliyojaa magunia, uzito huo ukimjia dereva katikati ya kona ni hatari kwake na kwa waenda kwa miguu, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu kuendesha gari bovu.

Kuna pia magari ambayo habari yote hii haiyahusu. Toyota IST na Vitz, zilizojaa mitaani siku hizi, husaidiwa na mota ya umeme na hazina tenki la mafuta ya usukani chini ya boneti. Mwenye gari la namna hiyo akiambiwa anunue pampu, amwombe fundi amwonyeshe kwanza ilipo ile ya zamani.