Usukani Ulio Miguuni: Ndege Nyepesi Inapomponyoka Mwanafunzi wa Urubani

Magazeti yetu yana ada moja yanaporipoti ajali ndogo za ndege. Ndege nyepesi ikiacha njia yake ya kurukia na kuishia majanini, husemwa kwamba ilipoteza mwelekeo. Na ikiwa aliyeiendesha alikuwa mwanafunzi, huongezwa kwamba alishindwa kuidhibiti. Kauli hizi si za uongo, ila hazielezi lolote. Ya kwanza hukifanya chombo kuwa mtenda, na ya pili humhukumu mtu kabla hatujaambiwa alikuwa akipambana na nini. Makala haya yanadhamiria kueleza yanayotukia katika sekunde hizo chache, ndege ikiwa ingali ardhini, na kuonyesha kwamba neno moja tulilo nalo, usukani, limebeba sehemu kubwa ya maelezo hayo.

Neno hili lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya ubao ulio nyuma ya chombo cha baharini, ambao hugeuzwa kwa mpini wake uitwao kana ili chombo kielekee kunakotakiwa. Magari yalipoingia, neno likahamia kwenye gurudumu ambalo dereva hulishika kwa mikono. Rubani naye alihama vivyo hivyo: alikuwa mjuzi wa kuongoza vyombo baharini kabla hajawa mtu wa angani. Mwanafunzi wa leo aghalabu huijua maana ya pili ya usukani pekee, na hapo ndipo matatizo yake yanapoanzia. Anapoketi ndani ya Cessna 172, aina ambayo zaidi ya ndege 44,000 zimeundwa tangu miaka ya 1950 na ambayo hutumiwa sana mafunzoni, hukuta mbele ya kifua chake kishikio kinachofanana na usukani wa gari. Kufanana huko kunahadaa. Kishikio hicho huinamisha mabawa na kuinua au kushusha pua ya ndege. Hakigeuzi gurudumu lolote. Usukani wa kweli, ule wa maana ya kibaharia, uko mkiani, nao huendeshwa kwa miguu kupitia pedali mbili ambazo pia hugeuza gurudumu la mbele. Ndege ikianza kwenda kushoto, mikono ya mwanafunzi hukizungusha kishikio kulia kabla ya akili yake kukumbuka miguu. Ndege haijali. Huendelea kwenda kushoto.

Kwa nini kushoto? Katika ndege kama hiyo, rafadha huzunguka kuelekea kulia ikitazamwa kutoka kiti cha rubani. Upepo inaousukuma nyuma hauendi moja kwa moja, bali hujisokota kuuzunguka mwili wa ndege na kulipiga pezi la wima la mkiani kwa upande wa kushoto. Mkia husukumwa kulia, na pua ikaelekea kushoto. Isitoshe, injini inapoizungusha rafadha upande mmoja, mwili wa ndege nao hutaka kujipindua upande wa pili, hivyo gurudumu la kushoto likakandamizwa zaidi ardhini. Pua ikishainuka, ubapa wa rafadha unaoshuka upande wa kulia huuma hewa kwa nguvu kuliko ule unaopanda kushoto, na mvuto ukazidi. Mambo haya yote humpata mwanafunzi kwa pamoja anapofungua nguvu zote za injini, tena wakati ambapo mwendo ungali mdogo na usukani wa mkiani haujapata hewa ya kutosha kuuegemea. Mwenye jahazi hulielewa jambo hili bila kufundishwa: chombo kisichokwenda hakisikii usukani. Hata hivyo, upande wa kushoto si sheria ya maumbile. Ndege ya zamani ya Kiingereza iitwayo Tiger Moth, ambayo rafadha yake huzunguka kinyume, huvuta kulia.

Kutua kuna hatari zaidi kuliko kupaa. Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayegusa ardhi kwa kasi kidogo kuliko ipasavyo. Ndege hudunda. Yeye, kwa hofu, huisukuma pua chini. Gurudumu la mbele, ambalo ndilo dhaifu, hugonga ardhi kwanza na kuirusha ndege juu tena, mara hii kwa nguvu zaidi. Kila anapojaribu kusahihisha huwa amechelewa kwa nusu sekunde, kwa hiyo sahihisho lake linaangukia wakati ambapo lingefaa sahihisho la kinyume. Baada ya midundo michache gurudumu hilo huweza kuvunjika na rafadha ikachimba lami. Yumkini akakumbuka alivyofunzwa, akafungua nguvu zote ili apae upya. Uamuzi huo ni sahihi kabisa, lakini sasa pua iko juu, mwendo ni mdogo na injini inavuma kwa ukamilifu wake: zile nguvu za kushoto tulizozitaja zimerudi zote, na asipoikanyaga pedali ya kulia papo hapo, ndege humtoa njiani. Ikiwa ataikanyaga kupita kiasi, itapinduka kulia, naye atakanyaga kushoto, na hivyo hivyo ikawa inakwenda mrama mithili ya chombo kilichopigwa na mawimbi ya ubavuni. Sehemu za juu za pedali hizo ni breki. Mguu uliojaa hofu hupanda juu yake bila kukusudia, na gurudumu moja likafunga.

Mahali nako kuna neno lake. Wanafunzi wengi wa urubani nchini Kenya huanzia Uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio kiasi cha mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina takriban asilimia 85 ya uzito wa hewa ya pwani. Kipimo cha mwendo ndani ya ndege hutegemea msukumo wa hewa, kwa hiyo husoma vilevile Mombasa na Nairobi, ilhali Nairobi magurudumu yanagusa lami kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 9. Fauka ya hayo, siku mwanafunzi anaporuka peke yake kwa mara ya kwanza, uzito wa mwalimu umeondoka. Ndege aliyoizoea huinuka mapema na huelea kwa muda mrefu zaidi kabla ya kutua.

Ndege zenye gurudumu dogo mkiani ni ngumu zaidi. Uzito wao mwingi uko nyuma ya magurudumu makuu, kama mkokoteni wenye shehena unaoteremka mlima huku mvutaji akiwa mbele: akikengeuka kidogo tu, shehena hutaka kumpita ubavuni. Ndege ikipinduka hivyo huzunguka kama pia, na ncha ya bawa ikakwaruza ardhi.

Mafunzo haya yote hutolewa kwa Kiingereza, na mahitaji ya kimataifa ya umilisi wa lugha ya redioni, yaliyoanza kutumika Machi 2008, yana sababu nzuri. Lakini kuzungumza na mnara ni jambo moja, na kuielewa ndege ni jingine. Chukua upepo wa ubavuni. Hulisukuma pezi la mkiani na kuigeuza pua kuelekea unakotoka, na papo hapo huliinua bawa la upande huo. Mabaharia wetu wana jina la upande upepo unakotoka, joshini, na la upande unakoelekea, demani. Kwa maneno hayo mawili kanuni nzima yaelezeka: kishikio kigeuzwe joshini ili bawa la huko lishuke, na mguu wa demani ukanyage ili pua isigeuke. Mwendo unapopungua baada ya kutua, usukani wa mkiani hufifia ilhali upepo haujapungua, kwa hiyo kishikio hakirudishwi katikati. Huzidi kugeuzwa joshini hadi mwisho wake, na hukaa hapo mpaka ndege itoke njiani na kusimama.