Jicho la Kipanga na Kidole cha Mwamuzi

Kati ya sheria zote za kriketi, hakuna iliyoleta ubishi mwingi kama ile ya mguu mbele ya wiketi. Zamani ubishi huo ulikwisha pale mwamuzi alipoinua kidole au alipotikisa kichwa. Siku hizi, katika mechi kubwa, mchezaji asiyeridhika aweza kukata rufani, na mashine huulizwa. Watu wengine husema kwamba mashine haikosei kamwe. Wengine husema ni picha za kuwachezea watazamaji tu. Kauli zote mbili si sahihi. Yafaa basi tueleze mashine hii hufanya kazi gani, yajua nini, na haijui nini, ili kila msomaji aweze kuamua mwenyewe kama ina haki.

Kwanza tukumbushane sheria yenyewe, maana wako wasomaji wetu waliocheza mpira wa miguu tu. Wiketi ni vijiti vitatu vilivyosimamishwa chini. Upana wake wote ni sentimeta 22.86, na urefu wake ni sentimeta 71.1. Mrushaji hutaka kuipiga wiketi kwa mpira. Mpigaji huilinda kwa gongo lake. Kama mpigaji angeruhusiwa kuilinda kwa miguu, mchezo ungeharibika, kwani angesimama tu mbele ya vijiti kama ukuta. Ndiyo sababu tangu mwaka 1774 sheria imesema kwamba mpigaji anayeuzuia kwa mwili mpira ambao ungeipiga wiketi aweza kutolewa.

Mwamuzi hujiuliza maswali matatu. Je, mpira ulidunda nje ya wiketi, upande wa miguu ya mpigaji? Kama ndiyo, hatoki. Je, ulipomgonga mguu, ulikuwa katika mstari wa kati ya wiketi na wiketi? Kama sivyo, hatoki pia, isipokuwa uligonga nje ya mstari upande wa gongo naye hakujaribu kuupiga kwa kweli. Na mwisho, je, kama mguu usingekuwapo, mpira ungeipiga wiketi? Angalieni neno hilo "ungeipiga". Maswali mawili ya kwanza yahusu jambo lililotokea. Swali la tatu lahusu jambo ambalo halikutokea, wala halitatokea kamwe. Hapo ndipo shina la ubishi wote.

Kazi ya mwamuzi ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Toka wiketi moja hadi nyingine ni yadi 22, yaani meta 20 na kidogo. Mpira unaokwenda kilometa 126 kwa saa hukata meta 35 kwa sekunde moja. Kwa hiyo toka mkononi mwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni kama nusu sekunde tu. Katika muda huo mwamuzi atazame mguu wa mrushaji usivuke mstari, kisha ainue macho auone mpira ulipodunda, ulipogonga, na ulikokuwa unaelekea. Tena asikilize kama uligusa gongo kwanza. Juu ya hayo, watu kumi na mmoja wanampigia kelele.

Msaada wa picha ulianza kwa jambo jepesi. Mwezi wa Novemba 1992, huko Durban, Afrika ya Kusini ilipocheza na Uhindi, Sachin Tendulkar alikuwa mchezaji wa kwanza kutolewa na mwamuzi wa tatu, ambaye alitazama picha za televisheni ili aone kama mpigaji amefika kwenye mstari kabla wiketi haijavunjwa. Kisha wahandisi wa Uingereza, akiwamo Paul Hawkins, walitengeneza mashine ya kuufuata mpira, wakaiita Hawk-Eye, jina lenye maana ya jicho la kipanga. Ilionekana mara ya kwanza katika televisheni mwaka 2001, Uingereza ilipocheza na Pakistan katika uwanja wa Lord's. Siku zile ilikuwa ya kuwafurahisha watazamaji tu, mwamuzi hakuitumia.

Lililobadili mambo ni makosa ya wazi yaliyoonwa na ulimwengu mzima. Januari 2008, huko Sydney, Uhindi ilicheza na Australia. Andrew Symonds aligusa mpira ukadakwa, naye alikuwa na mikimbio 30 tu. Mwamuzi Steve Bucknor wa Jamaica hakumtoa. Symonds akaendelea hadi 162 bila kutolewa, na Australia ikashinda. Wahindi walinung'unika sana, na Bucknor hakupewa mechi iliyofuata. Mtu aliyeheshimiwa miaka mingi aliaibishwa na picha ambazo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuzitazama. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, katika mechi za Sri Lanka na Uhindi, utaratibu wa rufani ulijaribiwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2009 ulianzishwa rasmi. Uhindi wenyewe haikuuamini. Ilikataa kuutumia katika mechi zake za nchi mbili hadi mwaka 2016.

Sasa mashine yenyewe. Siri yake si uchawi, ni jiometri ile ile ya darasani. Tuseme tiara linaruka juu ya uwanja wa shule. Mwanafunzi mmoja amesimama barazani, mwingine kwenye lango. Kila mmoja ananyosha rula kulielekea tiara. Rula moja haitoshi kukuambia tiara liko umbali gani. Lakini pale mistari ya rula mbili inapokutana, ndipo lilipo. Kamera zilizofungwa juu kuzunguka uwanja hufanya vivyo hivyo. Kila kamera hupiga picha nyingi kwa sekunde moja, kompyuta huutafuta mpira katika kila picha, kisha huikutanisha mistari. Hupatikana nukta nyingi hewani, na kompyuta huziunganisha kuwa njia moja. Hadi hapo mashine inapima. Mpira umeonekana, na vipimo vyake ni vizuri kuliko jicho la mtu yeyote.

Lakini mpira ukishagonga mguu, hakuna nukta tena. Toka hapo mashine haipimi, inakisia. Ni kama kumwona kuku akikimbilia nyuma ya nyumba: kwa mwendo wake waweza kusema atatokea upande gani, na mara nyingi utapatia, lakini hukumwona.

Makisio hayo yana nguvu au udhaifu kwa kadiri ya nukta zilizopatikana baada ya mpira kudunda, kwa sababu mpira ukidunda hubadili njia. Tuseme kamera yapiga picha 300 kwa sekunde, na mpira wenda meta 35 kwa sekunde. Kati ya picha na picha mpira husogea sentimeta 12 hivi. Kama ulidunda meta moja mbele ya mguu, zitapatikana picha nane au tisa za njia mpya. Kama ulidunda sentimeta 40 tu mbele ya mguu, zitapatikana tatu.

Kila mwanafunzi aweza kuyajaribu haya kwa penseli. Weka nukta mbili katika karatasi, sentimeta 5 kati yao, upige mstari upite katika zote mbili na kufika sentimeta 10 toka nukta ya kwanza. Kisha sogeza nukta ya pili kando kwa milimeta 1, upige tena. Mwisho wa mstari umehama milimeta 2. Sasa fanya hivyo hivyo kwa nukta zilizo sentimeta 1 tu kati yao. Kosa lile lile la milimeta 1 limekuwa sentimeta nzima. Mashine ni hodari, lakini haiwezi kuikimbia sheria hii ya hesabu.

Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Harry Collins na Robert Evans, walieleza hatari nyingine. Picha inayoonyeshwa kwa watazamaji ni nzuri mno. Yaonyesha mstari mmoja safi na mpira mmoja ukigonga kijiti, kana kwamba jambo hilo limetokea kweli. Haionyeshi kosa linaloweza kuwamo ndani yake. Mtu akitazama hudhani ameona ukweli, kumbe ameona makisio yaliyopakwa rangi.

Wenye mchezo walilijua jambo hili, wakaweka kanuni ambayo watazamaji wengi huichukia kwa kuwa hawajaielewa. Tuiite neno la mwamuzi. Mwamuzi akisema hajatoka, haigeuzwi mpaka mashine ionyeshe kwamba zaidi ya nusu ya mpira ingeipiga wiketi. Akisema ametoka, haigeuzwi mpaka mashine ionyeshe kwamba mpira ungeikosa wiketi kabisa. Kama ni kati ya hapo, yaani mpira ungegusa kijiti kwa chini ya nusu yake, neno la mwamuzi hubaki.

Basi yaweza kutokea hivi. Mipira miwili inayofanana kabisa, yote ingeparuza kijiti cha pembeni. Mpigaji wa kwanza mwamuzi amemtoa. Wa pili hakumtoa. Wote wawili wanakatiwa rufani, na wote wawili neno linabaki: mmoja aenda zake, mwingine aendelea kupiga. Watu hupiga kelele, "Haki iko wapi?"

Jibu letu ni kwamba kanuni hii ni ya haki kuliko inavyoonekana. Fikirini mahakama ya rufani. Jaji wa juu hapindui hukumu kwa sababu yeye angehukumu vingine kidogo. Huipindua akiona kosa lililo wazi. Nusu ya mpira ni kama sentimeta tatu na nusu. Ndani ya kipimo hicho kidogo, mashine yenyewe haina hakika kamili, kwa hiyo haina haki ya kumwambia mtu aliyekuwapo uwanjani kwamba amekosa. Rufani iliwekwa kuondoa makosa makubwa kama ya Sydney, haikuwekwa kuhesabu milimeta. Hata hivyo walalamikaji walisikilizwa kidogo: mwaka 2016 eneo la wiketi linalopimwa lilipanuliwa, mwaka 2021 likainuliwa hadi ncha ya vijiti, na tangu mwaka 2017 kapteni anayeshindwa kwa neno la mwamuzi hapotezi rufani yake.

Mifano michache yaonyesha faida na shida zake. Machi 2011, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Mohali, mwamuzi Ian Gould alimtoa Tendulkar kwa mpira wa Saeed Ajmal wa Pakistan. Tendulkar alikata rufani, na mashine ikaonyesha mpira ungepita kando. Alikuwa na 23. Akafika 85, na Uhindi ikashinda. Wengi wa Pakistan hawajaridhika mpaka leo.

Agosti 2019, huko Headingley, Uingereza ilihitaji mikimbio 2 kuishinda Australia, na mchezaji mmoja tu alibaki kutolewa. Mpira wa Nathan Lyon ulimgonga Ben Stokes mguuni. Mwamuzi Joel Wilson alikataa. Mashine ilionyesha baadaye kwamba ungeipiga wiketi. Lakini Australia haikuwa na rufani tena. Ya mwisho ilikuwa imetupwa muda mfupi kabla, kwa mpira uliodunda nje kabisa upande wa miguu. Hapo lawama si ya mashine. Rufani ni kama akiba, naye aliyeitumia kwa tamaa hakuikuta siku ya shida.

Na Januari 2022, huko Cape Town, mwamuzi Marais Erasmus alimtoa Dean Elgar wa Afrika ya Kusini. Mashine ikasema mpira ungepita juu ya vijiti, na Elgar akarudi. Wachezaji wa Uhindi, pamoja na kapteni wao Virat Kohli, walikasirika wakasema maneno makali karibu na kipaza sauti kilicho katika vijiti. Nani alikuwa sahihi? Hakuna atakayejua, maana mpira ulizuiwa. Mashine yaweza kupimwa kwa mipira isiyozuiwa tu: uifiche sehemu ya mwisho ya safari, uiambie ikisie, kisha ulinganishe na pale mpira ulipopita kweli. Kwa njia hiyo waweza kujua inakosea kiasi gani kwa jumla, lakini si kama imekosea siku fulani.

Liko jambo moja zaidi la haki, nalo ni fedha. Kamera hizi, kompyuta na watu wa kuziendesha ni ghali. Mataifa makubwa huzipata. Mechi nyingi za nchi ndogo huchezwa bila hizo. Uganda ilipoingia Kombe la Dunia la ova ishirini mwaka 2024, na Frank Nsubuga akatoa wapigaji 2 wa Papua New Guinea kwa mikimbio 4 tu, ilikuwa katika mashindano yenye rufani. Kenya ilipofika nusu fainali mwaka 2003, utaratibu huu haukuwapo popote. Mchezaji anayekutana na rufani mara chache hajui vizuri lini aitumie, naye yule aliyeizoea ana faida juu yake. Hilo ni kosa ambalo kompyuta haiwezi kulisahihisha.

Shuleni kwetu hakuna kamera juu ya miti. Mwamuzi ni mwalimu, au mwanafunzi wa zamani aliyekuja kututembelea, au mwenzetu aliyekwisha kutolewa. Yeye ana macho mawili na nusu sekunde. Tukijua kwamba hata kipanga mwenye macho mengi hukisia anapofika kwenye vijiti, haitupasi kumdai binadamu mmoja hakika ambayo mashine haina. Tumwombe mambo mawili tu: asitoe mtu akiwa na shaka, tena asipendelee upande. Akishainua kidole, mpigaji atie gongo kwapani aondoke.