Mgongo wa kijana unapopinda: je, homoni zinahusika?

Mtoto alikuwa sawa hadi miaka 10 au 11. Anapoanza kurefuka haraka, bega moja linakuwa juu kuliko jingine, au gauni linaning'inia upande mmoja. Majirani wanasema amerogwa, au amebebeshwa madumu ya maji mno. Hali hii inaitwa skoliosisi. Huwapata vijana 2 hadi 3 kati ya kila 100, matajiri kwa maskini, na hakuna wa kulaumiwa.

Inasababishwa na nini?

Kwa vijana wengi chanzo chake hakijulikani. Kubeba mizigo au kukaa vibaya darasani hakuleti skoliosisi. Wakati mwingine huonekana kwa watu wa ukoo mmoja.

Kwa nini homoni zinatajwa?

Kwa sababu mgongo huzidi kupinda wakati wa balehe, mwili unapokua kwa kasi. Tena, mipindo mikubwa huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana. Ndiyo maana watafiti wamechunguza homoni ya ukuaji, estrojeni, leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili, na melatonini inayotolewa usiku na tezi ndogo ndani ya ubongo.

Vifaranga walioondolewa tezi hiyo walipinda mgongo. Lakini nyani waliofanyiwa vivyo hivyo hawakupinda. Kwa hiyo homoni huenda zinachangia, hasa kwa kuharakisha ukuaji, lakini haijathibitishwa kwamba ndizo chanzo. Usinunue vidonge vya homoni kwa ajili ya mgongo wa mtoto. Hakuna dawa ya homoni inayounyoosha.

Nitamwangaliaje mtoto nyumbani?

Mwambie asimame miguu ikiwa pamoja, magoti yamenyooka, kisha ainame mbele mikono ikining'inia. Simama nyuma yake. Ukiona upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko mwingine, mpeleke kituo cha afya.

Kwa nini tusisubiri?

Kwa sababu matibabu bila upasuaji hufanya kazi mtoto akiwa bado anakua. Kwa msichana, hatari ni kubwa zaidi kabla ya hedhi ya kwanza na miezi michache baada yake. Mpindo mdogo hufuatiliwa tu kwa vipimo. Mpindo wa wastani huzuiwa kwa koti gumu linalovaliwa saa nyingi kila siku. Katika utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2013, vijana 72 kati ya 100 waliovaa koti hilo hawakufikia kiwango cha kuhitaji upasuaji. Bila koti walikuwa 48. Kukandwa au kuvutwa mgongo kwa nguvu hakunyooshi mfupa, na kunaweza kumuumiza mtoto.

Dalili za hatari

Nenda kituo cha afya haraka ikiwa mtoto ana:
- maumivu makali ya mgongo, hasa usiku
- homa, jasho la usiku au kukonda
- kibiongo kinachochomoza katikati ya mgongo
- miguu dhaifu au yenye ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo

Hizi zinaweza kuwa dalili za kifua kikuu cha mgongo, ambacho si skoliosisi. Kina dawa na kinapona, lakini kikicheleweshwa kinaweza kuleta kupooza.

Mwenye skoliosisi anaweza kusoma, kucheza mpira, kufanya kazi na kuzaa. Usimfiche nyumbani. Mwombe mhudumu wa afya ampime mgongo, na uulize kama anahitaji rufaa ya kwenda kupigwa picha ya eksirei.