Kompyuta Zinazokesha Ofisini

Jumatatu moja mwaka huu tulifika ofisi ya mradi tukakuta hakuna umeme. Haukuwa mgao. Uniti za LUKU zilikuwa zimekwisha mwishoni mwa juma, wakati ofisini hakuna mtu. Mlinzi alisema aliona mwanga dirishani usiku kucha, akadhani tumeuacha kwa makusudi.

Tuna kompyuta nane za mezani. Kompyuta ya namna hiyo pamoja na kioo chake, ikiwa imewashwa tu bila kazi, huweza kula wati 60 hivi. Nane ni wati 480, karibu nusu uniti kila saa. Sisi hufanya kazi saa 45 kwa juma, na juma lina saa 168. Zile saa 123 zilizobaki kompyuta zilikuwa zikikesha peke yake na kumaliza uniti 59. Kwa bei ya shilingi 350 hivi kwa uniti, hizo ni zaidi ya shilingi 20,000 kila juma. Kwa mwaka, inapita milioni moja.

Katika taarifa zetu fedha hiyo huingia kwenye "gharama za uendeshaji", fungu ambalo wafadhili hulitazama kwa jicho kali, na wana haki. Sehemu yake hutoka sharikani. Mama aliyeleta debe la mahindi likauzwa mnadani baada ya ibada hakulitoa kwa ajili ya kompyuta isiyo na mtu mbele yake.

Wengi hudhani picha zinazoelea kwenye kioo hupunguza matumizi. Hazipunguzi. Zilibuniwa kulinda vioo vya zamani, vile vyenye kisogo, visipate alama za kudumu. Kinachosaidia ni kuilaza kompyuta, kwani ikilala hutumia wati chache tu. Tumeziweka zote zizime kioo baada ya dakika 10 na kulala baada ya 20, hivyo muda wa chai hauna hasara. Jioni zinazimwa kabisa, pamoja na printa.

Mwenzetu mmoja alipinga kwamba kuzima na kuwasha kila siku kunaua kompyuta. Nakiri hata mimi niliamini hivyo miaka mingi. Kumbe hatari iko katika kuchomoa waya kabla mashine haijajifunga yenyewe, au umeme kukatika ghafla katikati ya kazi. Kwa hiyo zima kwanza kwenye kompyuta, subiri, ndipo uzime swichi ya ukutani.

Kamati yenye ofisi inaweza kujipima bila fundi: andikeni uniti zilizobaki Ijumaa jioni, kisha Jumatatu asubuhi. Kwa hesabu ile ya juu, kompyuta zetu zilikuwa zikila uniti 30 kila mwisho wa juma. Mara ya mwisho tulipopima zilipungua 4, na nyingi ya hizo ni taa za nje za mlinzi.