Mkahawa Usio na Kahawa

Alasiri, joto linapopungua na vivuli vya miembe kurefuka, katika vichochoro vya Mwembesongo husikika mlio ambao hapana mkazi wa mji wa Morogoro asiyeujua: vikombe vidogo viwili vikigonganishwa kiganjani. Ni muuza kahawa huyo apita. Birika lake limekalia jiko dogo la makaa. Afikapo penye baraza la wazee wa bao hulitua, huosha vikombe katika ndoo ya maji, kisha humimina kitu cheusi, kichungu, chenye harufu ya tangawizi. Anayetaka utamu hununua kashata akaitafuna, maana sukari haitiwi kikombeni. Sisi wa safu hii tu wateja wa baraza hizo kwa miaka mingi, na mengi tuyaandikayo hapa tuliyasikia kwanza huko.

Juzi aliketi nasi mzee mmoja aliyeshuka kutoka milimani kuuza ndizi. Alipofikia kikombe cha pili alitueleza, bila ya kuona ajabu yoyote, kwamba nyumbani kwake Uluguru anayo mibuni michache aliyoachiwa na wajomba zake, na ya kuwa tangu azaliwe hajapata kunywa kahawa iliyotoka katika mibuni hiyo. "Ile ni ya kuuza," alisema. "Nyumbani tunakunywa chai."

Wenzetu barazani waliitikia kwa vichwa, kisha mazungumzo yakageukia mpira. Lakini sisi jambo lile hatukuweza kuliacha. Maana mzee yule si peke yake. Ni picha ya taifa zima. Hata lugha yetu inashuhudia. Neno "mkahawa" limezaliwa na kahawa, lakini ingia mkahawa wowote kuanzia Msamvu hadi sokoni, nawe utaulizwa swali moja tu: ya rangi au ya maziwa? Hapana anayetaja chai, kwa kuwa hapana anayedhani umekuja kwa jambo jingine. Chakula cha asubuhi nacho tumekiita chai, hata ikiwa mtu amekunywa uji kwa mihogo ya kuchemsha au magimbi. Kahawa tumeiachia rangi ya kahawia.

Tanzania, kwa miaka mingi, imekuwa mara nyingi ikivuna kahawa kiasi cha tani 50,000 hadi 80,000 kwa mwaka, kutegemea mvua na zamu ya mibuni kuzaa. Katika hizo, tunazokunywa wenyewe hazifiki sehemu moja katika kumi. Zilizobaki hupakiwa magunia na kwenda zake. Mfini mmoja, ambaye nchini kwake theluji ingeua mbuni kabla ya kutoa jani la pili, hunywa zaidi ya kilo kumi kwa mwaka, na mapumziko ya kahawa yameandikwa katika mikataba ya kazi huko kama sisi tuandikavyo likizo. Sisi tulihesabiwa mwaka 2022 tukaonekana tu zaidi ya milioni 61. Hata tungezuia kila gunia bandarini tukaigawana kahawa yote, asingepata mtu zaidi ya kilo moja na kitu.

Wako watakaosema kwamba ndivyo ilivyo kwa kila nchi maskini ilimayo zao la kuuza nje. Na kweli, tukitazama kwa jirani zetu wa Kenya tunakuta habari ileile: kahawa ya vilima vya kati husafiri, na nyumbani huchemshwa chai kwa maziwa mpaka ikafura. Uganda, inayouza kahawa nyingi kuliko karibu nchi yoyote ya Afrika, nayo hunywa chai baada ya matoke. Lakini Ethiopia inaivunja hoja hiyo. Ethiopia si tajiri kutushinda, nayo ndiyo asili ya kahawa ya arabika. Hata hivyo karibu nusu ya mavuno yake hunywewa na Waethiopia wenyewe.

Yafaa tueleze namna wanavyoinywa, kwa kuwa hapo ndipo ilipo siri. Mama wa nyumba hutandaza majani mabichi sakafuni na kufukiza ubani. Huziosha buni mbele ya wageni, huzikaanga juu ya kikaango, na moshi ukianza kupanda huwapitishia wageni wanuse. Kisha hutwanga kwa kinu, huchemsha katika chungu chenye shingo nyembamba kiitwacho jebena, na kumimina katika vikombe visivyo na mkono. Duru ni tatu, na kila moja ina jina lake: abol, tona, na ya mwisho ni baraka. Aondokaye kabla ya baraka amemvunjia heshima mwenyeji. Pembeni huwekwa bisi au shayiri ya kukaanga. Shughuli hii huweza kuchukua saa nzima au zaidi, na majirani huitana.

Oman nako, ambako Kiswahili bado husemwa katika nyumba nyingi za Maskati na waliohamia kutoka Unguja na mwambao, mgeni hukaribishwa kwa kahawa kabla ya kuulizwa shida yake. Ile ni nyepesi ya rangi, imetiwa iliki, haina sukari. Utamu umo katika tende na halua. Humiminwa kidogo tu chini ya finjani, kwa mkono wa kulia, na mwenyeji ataendelea kumimina mpaka mgeni aitikise finjani kuonyesha kwamba ametosheka. Mwaka 2015 UNESCO iliuingiza ukarimu huo wa kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Mwitaliano yeye hana habari ya kukaa. Huinywa amesimama, mafunda mawili matatu, akaenda kazini, na humshangaa mtu atiaye maziwa katika kahawa baada ya chakula cha mchana. Wabrazili chakula cha asubuhi wamekiita kwa lugha yao "kahawa ya asubuhi", kama sisi tulivyokiita chai, nao hunywa kiasi cha theluthi moja ya zao lao kubwa kuliko yote duniani.

Nasi je? Hatukukosa mila. Wahaya wa Kagera walikuwa na kahawa ya robusta kabla Mjerumani hajakanyaga ziwani. Buni waliichemsha kwa majani ya mitishamba, wakaikausha, na mgeni alipewa ya kutafuna kama dalili ya amani. Mwambao nao uliipokea kahawa ya kunywa kutoka Uarabuni zamani, na kwa njia ya misafara, kisha ya reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, birika na kashata vikapanda bara. Mibuni ya arabika nayo ililetwa Bagamoyo na mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao pale mwaka 1868 na hapa Morogoro mwaka 1882. Chai ilikuja baadaye kabisa: Wajerumani waliijaribu Amani na Rungwe mwaka 1904, na mashamba ya biashara yakashamiri zamani za Waingereza. Iliyotangulia ikabaki barazani, na iliyofuata ikaingia jikoni.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Kahawa yetu ni ya wanaume na ya njiani. Tazama baraza lolote la Mwembesongo, jioni yoyote, hesabu waliokaa, utafute mwanamke mmoja. Hayupo, na akipita hupita upesi na kapu lake. Huko milimani, ambako ardhi ya Waluguru hushuka kwa upande wa mama na ukoo huhesabiwa kwa tumbo lake, ni mwanamke achumaye buni, aanikaye, ashukaye njia za mawe na mzigo kichwani. Kikombe hakimfikii. Ethiopia mama ndiye mwenye kahawa, kwa hiyo watoto huikuta nyumbani kama wanavyoukuta moto wa jiko. Kitu kisichoingia mikononi mwa mama hakijawa chakula cha taifa.

Msidhani twaandika haya kwa ajili ya ladha tu. Mkulima asiye na mnunuzi ila wa ng'ambo huishi kwa habari asizozisikia. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na mwaka uliofuata bei ikaruka duniani kote. Wakulima wetu wakadhani neema imekuja kukaa. Julai 1989 mfumo wa mgawo uliokuwa ukishikilia bei chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, nayo bei ikaporomoka. Mwanzoni mwa karne hii ilishuka tena mpaka wengine waking'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Mbrazili na Mhabeshi nao waliumia, lakini majirani zao waliendelea kunywa. Mkulima wetu, mnunuzi wa nje akigeuza uso, hana pa kupeleka gunia lake.

Atakayetupinga atasema kahawa bora ya Kilimanjaro ni ghali, na taifa lahitaji fedha za kigeni kununulia mafuta na dawa. Twakubali. Hatusemi magunia yazuiwe. Lakini hebu tupige hesabu ya mtoto wa shule. Kila Mtanzania akinywa robo kilo tu kwa mwaka, jumla itapita tani 15,000. Robo kilo, kwa gramu saba kila kikombe, ni vikombe 35 hivi: kikombe kimoja kwa kila siku kumi. Sukari ya chai yetu hatuiagizi mbali ikiwa viwanda vya Kilombero na Mtibwa, vyote vya mkoa huu, vinasaga vizuri. Iliki na mdalasini hupatikana Matombo na Kinole. Iliyobaki ni buni, na buni zinapita mlangoni.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya mahoteli. Katika hoteli moja ya mjini hapa, ambayo dirisha lake hutazama milima ya Uluguru uso kwa uso, tuliagiza kahawa tukaletewa maji ya moto na kipakiti cha unga kilichotoka katika nchi isiyoota mbuni hata mmoja. Tulipouliza kama ipo ya nchini, kijana aliyetuhudumia alituomba radhi kwa adabu sana, akasema hiyo ya nchini "ni ya wazee wa mtaani". Na Bukoba kipo kiwanda cha Tanica, kinachotengeneza kahawa ya unga tangu miaka ya 1960! Wala kosa si la kijana yule. Amejifunza kutoka kwetu kwamba kilicho cha barazani hakistahili kuwekwa mezani.

Tulirudi kwa mzee wa ndizi kabla hajaondoka. Tulimwuliza kwa nini asibakize debe moja tu msimu ujao, kwa ajili ya nyumba yake. Alifikiri kidogo, akamgeukia muuza kahawa, akamwuliza zinakaangwaje. Kijana akamweleza yote: zikobolewe ganda lote, zikaangwe kwa moto mdogo huku zikigeuzwa bila kuachwa, mpaka ziwe nyeusi na kutoa mafuta, kisha zipoe kabla ya kutwangwa. Mzee alisikiliza kama asikilizavyo mtu anayetaka kukumbuka.

"Na kinu cha mpunga chafaa?" aliuliza.

"Tafuta kingine, mzee wangu," alijibu kijana akiosha vikombe. "Mama akila wali unaonuka kahawa, hiyo mibuni ataikata."